Lile "Lakini" la Lali

Mwanangu,

Shikamoo. Najua barua ya mama kwa mwanawe haianzi na shikamoo, ila mimi nina kazi mbili katika nyumba hii na siwezi kuiacha moja ili niifanye nyingine. Kwanza nakuamkia kama binti yako. Baada ya hapo naomba uniruhusu niandike kwa cheo ulichonipa mwenyewe.

Tangu nilipozaliwa na kupewa jina la mamako, Maimuna, hujaniita kwa jina hilo hata siku moja. Ukirudi nyumbani huuliza, "Mama yuko wapi?" Wageni hutazama mlangoni wakingoja bibi mzee mwenye bakora, kisha natokea mimi na sare ya shule. Mama yangu naye, kwa kuwa jina langu ni la mama wa mumewe, huniita mavyaa, na huniita hivyo hasa anapokuwa na hasira. "Mavyaa, ukichoka kusoma, masufuria yanakungoja." Nilipokuwa mdogo nilidhani kila mtoto ana baba ambaye pia ni mwanawe. Nilishangaa sana nilipofika darasa la kwanza na kukuta wenzangu ni watoto tu.

Leo baada ya alasiri ulikuja uani nilipokuwa nikikuna nazi. Ulichuchumaa karibu na mbuzi, ukaokota kifuu, ukakigeuzageuza mkononi. Ukasema, "Mama, kesho naondoka. Nipe radhi." Nilidhani unacheka. Nilipokutazama nikaona hucheki. Nikajibu, "Ndiyo," nikaingia jikoni na kujifanya natafuta chumvi, na chumvi ilikuwa palepale dirishani, wewe unaiona na mimi naiona. Jibu lile halikutosha. Ndiyo maana naandika, kwa kuwa unajua nilivyo: maneno yangu hupita mkononi kwa urahisi kuliko mdomoni.

Kesho unakwenda Mombasa. Majaji watasikiliza rufaa ya Lali, na wewe utaapa kwamba ulimsikia akisema neno moja ambalo halikuandikwa. Wakikuamini, kesi yake itaanza upya na atapata nafasi ya kueleza kilichomkimbiza kwao. Wasipokuamini, akimaliza kifungo atapelekwa mpakani na kukabidhiwa kwa wanajeshi walewale aliowakimbia. Baada ya rufaa utabaki hukohuko miezi kadhaa, usaidie wengine walio jela bila wa kuwasemea. Sitakuandikia habari za vikoi, wala dawa ya kifua, wala nani wa kufikia kwake. Mama yangu amekwisha kuyasema hayo mpaka paka ameyahifadhi. Halwa ataikoroga ami Swaleh, nduguyo, naye ameapa kwamba wateja hawataona tofauti. Tutaona.

Mimi nataka kukukumbusha ulivyoanza, maana siku hizi unajitazama kana kwamba ulianzia pale ulipokosea.

Ulianza mwezi wa Ramadhani. Mtu alikuja kununua halwa akasema kituo cha polisi kuna mahabusu waliovuka mpaka, wamefunga, na wanafuturu kwa maji matupu. Jioni ile ulifunga tende na mkate wa mofa na kipande cha halwa ndani ya kikapu, ukaenda. Askari wa zamu akakuuliza kama wale ni ndugu zako. Ukajibu ni ndugu zako. Ukazoea kwenda, nao wakakuzoea, hata askari yule akawa akikuona tu anasema, "Mzee, nduguzo wengine wameingia leo, hawa wametoka Ethiopia. Baba yenu alitembea sana."

Kutoka kikapuni ukaingia kwenye salamu. Huyu anataka mkewe ajue kwamba yu hai, yule ana mjomba mahali fulani ila hajui mtaa. Kisha akaja wakili Dama kutoka Mombasa, ambaye huzichukua kesi za watu kama hawa bila malipo, akakuta tayari kuna mwuza halwa anayejua jina la kila mmoja na jina la mamake. Akakuomba uwe macho yake huku siku ambazo hayupo. Ukakubali kabla hajamaliza kuomba. Barazani wakaanza kukuita wakili wa halwa. Mzee Bakari ndiye aliyekuwa hodari wa mzaha huo. Siku moja ulipita nami nyuma yako, akaita, "Wakili, nina kesi na mke wangu, utanisimamia?" Ukamjibu bila kusimama, "Siwezi, mkeo amekutangulia." Baraza zima lilicheka, na mimi nilijisikia fahari hata nikasahau kuinamisha kichwa.

Halafu akaja Lali.

Nilimpenda Lali kabla sijamwona, kwa namna ulivyotusimulia habari zake. Kijana wa visiwa vya kusini mwa Kismayu, anayesema Kiswahili kilicho karibu na chetu kuliko kile cha walimu wangu. Wanajeshi walikuwa wakikusanya vijana kisiwani kwao na kuwapeleka kwenye vita vya kaskazini. Kaka yake alichukuliwa, haikurudi hata salamu. Lali akaondoka. Alikamatwa sokoni akiwaulizia jamaa za mamake, na ulituambia kwamba mwanzoni askari hawakutaka kuamini kuwa ni mgeni. Mmoja alimwambia, "Kwa lugha hii wewe ni mtu wa hapahapa, umepoteza kipande chako cha kitambulisho tu." Angeitikia palepale wangemwachia. Akasema hapana, si mtu wa hapa. Ulipotusimulia hayo ulitikisa kichwa, lakini macho yako yalikuwa yakifurahi, kama mtu aliyemkuta jamaa yake ugenini.

Nadhani kosa lilizaliwa katika furaha ile. Nasema hivi bila kukulaumu. Wakili Dama alikuwa na kesi nyingine Mombasa, hangeweza kuwahi siku ya kwanza ya kusomewa shtaka. Alikuachia neno moja tu: Lali akiulizwa, ajibu "Si kweli." Alikueleza kwamba huko mahakamani jibu hilo si uongo, ni njia ya kusema nisikilizeni kwanza. Wewe ukamfikishia. Lali akakuuliza, "Baba, niseme si kweli, na mimi nimesimama mbele yao wananiona?" Mtu ambaye hajapata kuchanganya halwa ya jana na ya leo angemjibu nini? Ukamwambia, "Sema unavyojua, Mungu yupo."

Siku ya mahakama shule ilikuwa imefungwa. Nilikubebea kikapu. Tuliketi benchi la nyuma, mimi nikakipakata magotini, harufu ya hiliki ikawa inatuaibisha. Karani aliyasoma mashtaka kwa Kiswahili, kwa haraka, kama mtu anayetaja bei za viazi. Lali alisimama mikono ameikutanisha mbele, namna tunavyosimama kwenye chuo cha Kurani mbele ya mwalimu. Alipoulizwa kama ni kweli aliingia nchini bila kibali, alisema, "Ni kweli, bwana, lakini..."

Karani akainua mkono. "Basi."

Lali akanyamaza. Si kwamba hakuwa na la kusema. Amelelewa kama sisi: mkubwa akisema basi, unalimeza neno hata kama limefika kwenye meno. Karani hakumjua, naye alikuwa na mafaili mengi mezani. Hakimu alikuwa ameinama anaandika. Yaliyofuata yakaenda mbio kuliko nilivyodhani mambo ya namna ile yanaweza kwenda: kifungo, kisha arudishwe kwao. Nilitaka kusimama. Nakuambia leo kwa mara ya kwanza kwamba magoti yangu yalijaribu, kikapu kikayarudisha chini. Niliposhtuka wewe nawe ulikuwa umekaza kikoi chako kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anakuvua.

Wakili Dama alipokuja na kusoma kumbukumbu za kesi, alikuta maneno mawili tu. Ni kweli. Alikuja mpaka hapa nyumbani, akaketi kwenye kiti cha mama yangu, akakuuliza kama Lali alisema kitu kingine chochote. Ukasema, "Alisema lakini." Nakumbuka alivyokiweka kikombe chini. Alikuuliza mara nyingine, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kisha akatueleza kwamba mshtakiwa akisema "ni kweli, lakini", mahakama inapaswa kumuuliza "lakini nini?", na kama anacho cha kujitetea, isimhesabu kuwa amekiri. Neno lile moja, alisema, ndilo mlango wote alio nao Lali.

Tangu siku ile sikukujua tena. Barazani walikuambia masikio ya mtu wa umri wako hayashindani na maandishi ya mahakama. Ami Swaleh, ambaye anakupenda, alikuambia siku hizi mtu hujichunga anasema nini na wapi, na wewe unakwenda kubishana na karatasi ya serikali kwa ajili ya mtu usiyemjua babu yake. Kilichokuwa kikikula kilikuwa kingine, na sote tulikijua. Wakili alikuonya kwamba utaulizwa: nani alimshauri mtu huyu aseme ni kweli? Ukaanza kuikoroga halwa na mawazo mbali, ikashika chini. Wateja wakaila na kusifu. Hawa watu wetu, mwanangu, wangekufa kwa adabu.

Hapa ndipo mama yako anapotaka kukusimulia habari zake mwenyewe. Nyingine unazijua.

Unakumbuka nilipofukuzwa maktaba ya shule. Kilikutwa kitabu kimelowa na kurasa zimefura, na jina la mwisho kukiazima lilikuwa langu. Mwalimu aliniita mbele ya darasa, akanionyesha, akaniuliza, "Ulikipeleka kitabu hiki nyumbani?" Nikasema ni kweli. Akangoja kidogo. Nafikiri alingoja kweli, na mimi nilikuwa na sentensi nzima kichwani: kwamba nilikikuta kimelowa tayari, paa la maktaba linavuja juu ya rafu ile, nilikipeleka nyumbani nikaweka majivu ya moto karibu nikikikausha ukurasa baada ya ukurasa. Lakini aliinua nyusi, wenzangu wakawa wananitazama shingoni, na ile sentensi ikarudi ndani. Muhula mzima niliwaona wengine wakiingia maktaba, mimi nikikaa nje ya dirisha nikisoma migongo ya vitabu.

Ulipojua, uliniuliza kwa nini sikueleza. Nikakujibu kwamba niliulizwa kama nilikichukua, na nilikichukua. Nilidhani utanisifu kwa ukweli. Ukasema, "Mama, jibu lako ni la kweli. Ila ni fupi."

Nimelifikiria neno lako hilo kuliko mambo mengi niliyosoma. Kabla ya hapo niliamini mwongo ndiye pekee anayeharibu kesi. Sikujua kwamba hata mimi, kwa woga na adabu zangu, naweza kuikata kweli katikati na kuwapa watu nusu, wao wakaipokea kwa moyo safi na kuitumia vibaya. Yule mwalimu hakunionea. Alihukumu alichopewa. Na sasa nashangaa kwamba mtu aliyenifunza hayo ndiye yuleyule aliyemwambia Lali aseme anavyojua, asimwambie aseme mpaka mwisho. Pengine mtu huwa na akili kwa mwanawe kuliko kwa mgeni. Au pengine ulimwona Lali ni mtu mzima, ukadhani watu wazima hawaogopi nyusi.

Mwanangu, utakapoulizwa kule nani alimshauri, usilimeze jibu. Sema ni wewe. Halafu usiishie hapo, maana nakujua, utataka kuishia hapo ili adhabu iwe yako na mambo yaishe. Endelea. Sema wakili alikuagiza nini, Lali alikuuliza nini, nawe ukashindwa wapi. Kisha sema ulichosikia. Kama jaji atainua mkono, ngoja ashushe, kisha uombe radhi, umalizie. Sijui kama inaruhusiwa. Muulize wakili Dama. Nafikiri atacheka na kusema inaruhusiwa.

Na jambo hili nilikuwa nimelificha kwa sababu hakuna aliyeniuliza: mimi nililisikia. Walipokuja kulirudia hapa nyumbani, kwamba masikio yako yamezeeka, nilikuwa nyuma ya pazia na kikombe mkononi, na ningeweza kutoka nikasema. Sikutoka. Nasema sasa. "Ni kweli, bwana, lakini." Sauti yake ilipanda kidogo kwenye neno la mwisho, kama mtu anayeinua mguu kupanda ngazi. Wewe hukuota. Usiku ukijitilia shaka kule ugenini, kumbuka kwamba neno lile linalo masikio manne, na mawili kati yake bado ni mapya.

Nimejiuliza utawafunza nini hao walio jela. Usiwafunze ujeuri, hawatauweza, na wewe mwenyewe huujui. Wengine wametoka mbali kuja kwetu na adabu zao ndizo mali pekee waliyofika nayo. Labda uwazoeze tu kumalizia sentensi. Waketi nawe, kila mmoja aseme habari yake hadi nukta, hata kama ni ndefu, hata kama analia, nawe usiitikie haraka kwa huruma. Una tabia hiyo. Mtu akianza kusema jambo zito humpokea maneno na kumsaidia kumaliza, kwa wema, na yeye anakuachia. Mimi umenifanyia hivyo mara nyingi. Nilikuwa nikishukuru, kwa kuwa ilinipunguzia kazi ya kusema.

Ukionana na Lali, mpe salamu zangu, mwambie ni mama yako anamsalimu, atashangaa. Kisha kabla ya habari za rufaa, kabla ya halwa, muulize, "Lakini nini?" Nimehesabu watu wote waliokwisha kuzungumza habari yake, wewe, wakili, ami Swaleh, baraza zima, na sote tunajua alichotaka kusema, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Muulize yeye. Mwache aitoe mwenyewe, pale ilipokatikia.

Mamako, ambaye mimi nimebeba jina lake bila kumwona, angekuwekea mkono kichwani kesho mlangoni, akakuombea dua na kukutemea baraka zake. Umenisimulia alivyofanya hivyo ulipokuwa kijana unasafiri. Mimi ukisimama sikifikii kichwa chako, na mbele ya ami Swaleh na mama na majirani nitaona haya, nitatazama kizingiti. Utadhani sina la kusema. Ndiyo sababu barua hii nimeiweka ndani ya kofia yako nyeupe, utakayoivaa siku ya kuapa, uikute huko.

Leo uliniuliza kama nakupa radhi, nikajibu ndiyo, nikakimbilia chumvi. Hilo lilikuwa jibu fupi. Hili hapa ndilo zima:

Nimekuwia radhi, mwanangu, dunia na akhera, lakini naogopa.

Yaandike yote mawili.

Mama yako na binti yako,
Maimuna
Mambrui